Wanafunzi wa Uuguzi na Kusikia Maumivu ya Mgonjwa

Kaskazini kabisa mwa Zambia, katika ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, upo mji wa Nchelenge. Kutoka Lusaka hadi huko ni mwendo wa yapata kilomita elfu moja kwa barabara. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 5,100. Mto Luapula huingia upande wa kusini, na Mto Luvua hutoka upande wa kaskazini, karibu na Pweto, ukaelekea kuungana na maji ya Mto Kongo. Jirani kabisa na Nchelenge, hata mgeni asiweze kujua mji mmoja umekoma wapi na mwingine umeanzia wapi, ipo Kashikishi, penye soko la samaki na Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Paulo. Hospitali hiyo ina chuo cha kufunzia wauguzi.

Vyuo vya namna hiyo havitajwi sana katika taarifa za habari. Hutajwa siku ya mahafali, wahitimu wanapopita mbele ya mgeni rasmi wakiwa katika sare zao, au hutajwa serikali inapotangaza nafasi za kazi. Mwaka 2022, kwa mfano, Serikali ya Zambia iliajiri watumishi wa afya zaidi ya 11,000 kwa mkupuo mmoja, na wauguzi walikuwamo kwa wingi. Hilo lilistahili kushangiliwa, kwani zahanati nyingi za vijijini zilikuwa zikiendeshwa na mtu mmoja tu. Lakini hesabu ya watumishi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: kijana anayeingia chuoni akiwa na umri wa miaka kumi na tisa au ishirini, moyo wake ukiwa bado laini, hutoka akiwa mtu wa namna gani? Miaka mitatu ya mafunzo humwongezea uwezo wa kumwelewa mgonjwa, ama humpunguzia?

Swali hilo limekwisha kuulizwa na wataalamu, na jibu walilolipata halifurahishi. Katika Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, mjini Philadelphia, Marekani, Profesa Mohammadreza Hojat na wenzake walitunga kipimo chenye maswali ishirini, cha kuonyesha ni kwa kiasi gani mtumishi wa afya anaweza kujitia katika nafasi ya mgonjwa wake. Mwaka 2009 walitangaza kwamba wanafunzi wa udaktari waliowapima mwaka hadi mwaka walianza vizuri, wakaendelea vizuri, kisha wakaporomoka katika mwaka wa tatu. Na mwaka wa tatu ndio ule ambao mwanafunzi huacha madawati na kuanza kukaa na wagonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa chuo hicho hicho wakatoa habari za wanafunzi wa uuguzi zaidi ya 200 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja wa masomo. Walioshuka ni wale waliokuwa wamekutana zaidi na wagonjwa.

Mtu angetegemea kinyume chake. Angedhani kwamba kadiri kijana anavyoona mateso ndivyo moyo wake unavyozidi kufunguka. Ni kweli kwamba vipimo hivyo vilifanywa Marekani, na ni kweli pia kwamba kujibu maswali katika karatasi si sawa na kusimama kando ya kitanda saa nane ya usiku. Hata hivyo, hakuna matroni wa miaka mingi, awe wa Mansa, wa Kigoma au wa Mombasa, atakayeshangazwa sana na matokeo hayo. Amekwisha kuwaona wasichana waliokuja wadini na machozi ya karibu, na baada ya miaka miwili wanapita katikati ya vitanda kama wapitao katikati ya magunia.

Kabla ya kwenda mbali zaidi yafaa jambo lenyewe lielezwe, maana Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana nalo na hakuna hata moja linalolingana nalo sawasawa. Huruma ipo, lakini huruma humtazama mgonjwa kutoka juu, na mwenye huruma anaweza kumwonea huruma hata mtu asiyemjua wala kumwelewa. Ipo imani, kwa maana ile ya watu wa pwani wanaposema fulani ni mtu mwenye imani. Lipo neno pole, ambalo wageni wengi hulihusudu kwa kuwa lugha zao hazina neno moja la kutimiza kazi hiyo. Lakini hata pole inaweza kusemwa na mdomo huku mikono ikiendelea kufunga bendeji bila kujali. Jambo linalotakiwa kwa muuguzi ni kujua mgonjwa huyu, kwa maisha yake haya, anauonaje ugonjwa wake. Kisha kumwonyesha mgonjwa kwamba amejua. Kisha kutenda kwa kufuata alichokijua.

Pengine lugha ya huko Mweru imelikaribia jambo hili zaidi. Wenyeji wa ufuko huo, Walunda wa Mwata Kazembe, Washila na Wabwile, wengi wao husema Kibemba, na katika Kibemba kitenzi kimoja, ukumfwa, huchukua maana ya kusikia kwa sikio, ya kuhisi kwa mwili na ya kuelewa kwa akili. Kiswahili nacho kilikuwa na desturi hiyo na bado hakijaiacha kabisa: mtu husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu. Basi muuguzi asiyesikiliza, kwa mujibu wa lugha zote mbili, hawezi kusikia. Na Kibemba kina neno jingine la kutia mtu katika fikira. Maumivu ya kichwa au ya tumbo husemwa kwa kitenzi ukukalipa. Hapana haja ya kuwa bingwa wa lugha kuona undugu wake na neno kali, na na kukaripia kwa Kiswahili. Mgonjwa anayekaripiwa ameongezewa maumivu juu ya maumivu.

Na katika Nchelenge nafasi za kumkaripia mgonjwa si haba. Wilaya hiyo ni miongoni mwa zile zenye malaria nyingi kupita kiasi katika Zambia nzima, na kwa miaka mingi watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, pamoja na wenzao wa Macha na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamekuwa wakifanya kazi yao hapo kwa sababu hiyo. Wakati wa mvua watoto hufikishwa hospitali wakiwa wameishiwa damu, viganja vimekuwa vyeupe, wengine wakiwa hawajitambui tena. Kila dakika ina thamani, na mara nyingi mama amechelewa. Jambo la kwanza linalokuja mdomoni mwa mtumishi aliyechoka ni swali ambalo kwa kweli si swali: kwa nini umemkalisha mtoto nyumbani mpaka amefika hali hii? Na la pili hufuata: chandarua ulichopewa kiko wapi?

Lakini na afikirie mtu mwaka wa watu wa ziwa unavyokwenda. Kuanzia tarehe mosi Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wapate kuzaliana. Ni sheria nzuri, na imetokana na funzo chungu: samaki aitwaye mpumbu, ambaye zamani alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa kutaga, alivuliwa kupita kiasi hata akakaribia kutoweka katikati ya karne iliyopita. Ila miezi hiyo mitatu ya kufungwa kwa ziwa ndiyo miezi ya mvua, na miezi ya mvua ndiyo ya mbu. Hivyo malaria inampata mtoto wakati ule ule ambao baba yake hana senti mfukoni. Tangu mwaka 2006 Zambia iliondoa malipo ya matibabu katika vituo vya vijijini, lakini nauli ya mtumbwi kutoka kisiwa cha Kilwa au Chisenga haikuondolewa na mtu yeyote. Mama huyo hakumkalisha mtoto nyumbani kwa uvivu. Alikuwa akitafuta mtu wa kumkopesha nauli.

Na chandarua? Wavuvi wa dagaa wale wadogo waitwao chisense huvua usiku wa giza, kwa taa, wakati ambapo mbu ndiye bwana wa ziwa. Chandarua kilichotundikwa nyumbani hakiwafuati majini. Wapo pia ambao vyandarua vyao vimegeuzwa nyavu, jambo ambalo ni kosa, tena lenye madhara kwa ziwa lenyewe kwa kuwa matundu yake madogo hayaachi hata kifaranga cha samaki. Kosa hilo ni la kukemewa, lakini mahali pa kulikemea ni katika mikutano ya vijiji na mbele ya maofisa wa uvuvi. Mama aliyepakata mtoto mwenye degedege si mtu wa kuhutubiwa habari za nyavu. Akifanyiwa hivyo, lile moja atakaloondoka nalo ni kwamba safari ijayo asije mapema, kwani anayekuja mapema na anayechelewa wote hukaripiwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapodhani kwamba mambo haya ya moyo ni pambo tu, ya kuwekwa baada ya kazi yenyewe kwisha. Mwaka 2011 Hojat na wenzake walitangaza utafiti wa wagonjwa wa kisukari zaidi ya 800, ambao ulionyesha kwamba wale waliokuwa wakitibiwa na madaktari wenye alama za juu katika kipimo kile waliweza kuidhibiti sukari yao vizuri zaidi kuliko wenzao. Sababu yake haihitaji uchawi. Mgonjwa anayeamini kwamba anasikilizwa husema ukweli. Akisema ukweli, dawa hupatana na ugonjwa. Na akielezwa akaelewa, huzimeza dawa badala ya kuzificha chini ya godoro.

Nchelenge ina tatizo la ziada ambalo linawahusu moja kwa moja wasemaji wa Kiswahili. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, mkoa wa Katanga ya Juu, na huko Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kanisa na ya barabarani. Hata majina yanasema: kipo kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa, na upo mji wa Kilwa katika ufuko wa Kongo, jina lisilokuwa geni masikioni mwa watu wa pwani. David Livingstone alipoliona ziwa hilo mwezi Novemba 1867 na kufika kwa Kazembe, alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara mwenye asili ya Kiarabu aliyekuwa amekaa miaka mingi. Biashara ya siku hizo ilikuwa na dhambi zake kubwa, utumwa ukiwamo, na si ya kutamaniwa. Hata hivyo lugha iliyopita katika njia hizo ilibaki.

Tangu hapo watu wa ng'ambo hawajaacha kuvuka, na mara nyingi wamevuka kwa kukimbia. Vita vya Kongo vya mwishoni mwa miaka ya 1990 viliwaleta kwa maelfu hata kambi za Mwange na Kala zikafunguliwa. Zilifungwa mwaka 2010. Mwaka 2017, mapigano yalipozuka tena katika Katanga ya Juu na Tanganyika, maelfu wengine wakaingia. Walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya ya Nchelenge yenyewe. Wengi walitoka Pweto, Moba na Manono. Baadhi yao wanajua Kibemba kwa ujirani. Wengine hawakijui, wanajua Kiswahili na lugha zao za nyumbani.

Sasa mwanafunzi wa uuguzi anayepangwa kufanya mazoezi katika wilaya hiyo aghalabu hakuzaliwa hapo. Anaweza kuwa ametoka Lusaka, anasema Kinyanja. Au ametoka Kitwe au Ndola, anasema Kibemba cha mjini, ambacho wazee wa Luapula hukiona kuwa kimekosa adabu. Katika Kibemba mtu mzima husemeshwa kwa wingi, kama kwamba ni wengi, na muuguzi wa miaka ishirini akimsemesha bibi wa miaka sabini kwa umoja amemvunjia heshima kabla hajamgusa. Akisema mwapoleni, mukwai, akangojea kujibiwa, mlango umefunguka. Jambo hili halimo katika vitabu vya anatomia, nalo linachukua muda usiozidi kumeza mate.

Kwa mgonjwa kutoka Mantapala hata hilo halitoshi. Huyu husema kichwa, na muuguzi anajua umutwe. Husema damu, na muuguzi anajua umulopa. Neno mwana wanaliafikiana, na kufa pia, nayo ni maneno mawili ambayo wadini husemwa kwa pamoja mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Kisha kuna yale yasiyosemwa kwa lugha yoyote. Mwanamke aliyekimbia kutoka Manono huenda aliona mambo njiani ambayo hatayataja mbele ya mkalimani, hasa kama mkalimani ni shemeji yake au kijana wa jirani. Mwanafunzi aliyefundishwa tu kujaza fomu ataandika kwamba mgonjwa hashirikiani. Yule aliyefundishwa kusikia atauona mkono unaozuia shuka isifunuliwe, naye atawaomba wanaume watoke nje.

Kipindupindu nacho kimekuwa kikirudi katika kambi za wavuvi, na mwaka 2023 Nchelenge ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopatwa. Kazi ya kumhudumia mgonjwa wa kipindupindu ni ngumu na si nzuri kwa macho wala kwa pua. Mtu mzima, pengine mzee anayeheshimiwa kijijini kwake, hulala katika kitanda kilichotobolewa tundu, chini yake ndoo, mbele ya watu. Kumwokoa kwa dripu na maji ya chumvi na sukari ni jambo la saa chache. Lakini aibu aliyoipata hukaa naye miaka, na aliyeweza kumpunguzia ni yule aliyekumbuka kuvuta pazia.

Kama ni hivyo, kwa nini moyo hukauka? Hapa yafaa kurudi nyuma, hadi London mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtaalamu wa nafsi Isabel Menzies aliitwa na hospitali moja kubwa ya kufundishia iliyokuwa na matatizo ya wanafunzi wake wa uuguzi. Karibu theluthi moja walikuwa wakiacha mafunzo kabla ya kuyamaliza. Wakubwa walidhani tatizo lilikuwa mpango wa zamu. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1960 Menzies alieleza kwamba hospitali ilikuwa imejenga, bila ya mtu yeyote kukusudia, ukuta mzima wa kumkinga muuguzi asikutane na uchungu wa mgonjwa. Kazi ilikatwa vipande vipande, huyu apime joto kwa wagonjwa thelathini, yule agawe vyombo kwa thelathini hao hao, ili asiwepo wa kukaa na mmoja. Mgonjwa alitajwa kwa ugonjwa wake na namba ya kitanda chake. Wanafunzi walihamishwa kutoka wadi hadi wadi pindi tu walipoanza kuzoeana na watu. Na ukuta huo uliowekwa kupunguza hofu ukawa wenyewe ndio unaoongeza hofu, kwa maana waliokuja kwa ajili ya kuwatunza wagonjwa walinyimwa jambo lile lile lililowaleta. Menzies aliona kwamba walioondoka hawakuwa wabovu. Miongoni mwao walikuwamo walio bora kabisa.

Miaka zaidi ya sitini imepita na London si Kashikishi, ila mtu yeyote aliyewahi kulazwa katika hospitali ya Afrika Mashariki au ya Kati anaijua namba ya kitanda chake. Tena huku ukuta huo umeongezewa tofali jingine, nalo ni uchache wa watumishi. Pale ambapo muuguzi mmoja na wanafunzi wawili wanaangalia wadi nzima ya watoto wakati wa msimu wa malaria, vitanda vikiwa vimelaliwa na wawili wawili, kumwambia muuguzi huyo kwamba awe mwenye kuelewa hisia ni kama kumwambia mtu anayezama kwamba aogelee kwa madaha.

Ndipo linapokuja jambo la pili, ambalo wataalamu hulipa jina la akili ya hisia. Peter Salovey na John Mayer wa Marekani waliliandikia mwaka 1990, na Daniel Goleman akalieneza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1995, ambacho wafanyabiashara walikipenda kupita kiasi. Kiini chake ni rahisi: kutambua hisia, za mwenzako na zako mwenyewe, kuzielewa zimetoka wapi, na kuzitawala zisikutawale. Katika uuguzi ile sehemu ya pili, yaani hisia za muuguzi mwenyewe, ndiyo inayosahauliwa. Msichana wa mwaka wa kwanza anaona mtoto akifa mikononi mwake kwa mara ya kwanza. Nje, wanawake wanaanza kulia kwa sauti, kama desturi ya msiba inavyotaka, na ukumbi mzima unajaa kilio. Kila mtu pale ana ruhusa ya kulia isipokuwa yeye. Anaambiwa avue dripu, abadilishe shuka, aje kitanda kinachofuata. Hakuna anayemuuliza neno. Jioni anakula chakula cha chuoni na kulala. Likitokea hilo mara ishirini, atakuwa amejifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia, nalo ni kwamba njia pekee ya kulala usingizi ni kutosikia.

Kwa hiyo ukali wa muuguzi mara nyingi ni kovu. Kusema hivyo si kumwachilia. Mgonjwa aliyepigwa kofi la uso kwenye chumba cha kujifungulia hapozwi na habari za kovu la aliyempiga, na wako watumishi wachache ambao ukali wao hautokani na uchovu wowote, ni majivuno matupu ya sare. Hao wanatakiwa kuonywa, na wasipoonyeka waondolewe. Mabaraza ya wauguzi yana sheria za kutosha. Ila wanafunzi walio wengi hawakuingia chuoni wakiwa hivyo.

Ushahidi kwamba hali inaweza kugeuzwa haupo mbali. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza kina mama waliojifungulia katika vituo vya afya kama walitendewa vibaya, iwe kwa kufokewa, kupuuzwa, kudhalilishwa au kupigwa. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo walifikia asilimia 28. Tofauti ya hesabu hizo mbili yenyewe ni habari: mama akiwa bado katika uwanja wa hospitali, na akijua atarudi hapo kwa chanjo ya mtoto, hupunguza maneno. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2014, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa tamko juu ya heshima wakati wa kujifungua. Nchini Kenya, utafiti katika vituo 13 ulionyesha karibu mama mmoja kwa kila watano akisema kwamba alivunjiwa heshima.

Watu wa Tanga hawakuishia kwenye hesabu. Wananchi na watumishi walikaa pamoja wakatunga mkataba wa huduma, kila upande ukataja haki zake na wajibu wake, na katika kituo wahudumu wenyewe wakachagua mambo ya kurekebisha. Mengine yalikuwa madogo, kama vile mapazia, na mengine yalihusu jinsi wahudumu wenyewe wanavyotendewa na wakubwa wao. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa karibu theluthi mbili ukilinganishwa na mahali ambapo hayo hayakufanyika. Idadi ya wauguzi haikuongezwa maradufu, wala hakuna aliyehubiriwa kuhusu upendo mpaka akabadilika.

Kwa vyuo kama kile cha Kashikishi maana yake ni nini? Kwanza, kwamba jambo hili lisiachwe kuwa mhadhara mmoja katika muhula wa kwanza, unaosahauliwa mtihani ukiisha. Mwanafunzi hulijifunza kwa kumtazama sista wa wadi. Sista akimsalimu mgonjwa kwa jina, mwanafunzi atasalimu. Akimwita kwa namba, mihadhara mia haitaishinda namba hiyo. Hivyo wa kuangaliwa mwanzo ni wale wanaofundisha kando ya kitanda, ambao aghalabu hawana posho wala muda wa kazi hiyo. Pili, kwamba baada ya kifo wadini mtu mmoja mwenye umri awachukue wanafunzi waliokuwapo, hata kwa dakika kumi, waseme waliloliona. Hospitali za misheni zina nafuu hapa, kwa kuwa zina desturi ya kukusanyika asubuhi. Mkusanyiko upo tayari, ni kubadili tu kinachosemwa. Tatu, mwanafunzi apewe wagonjwa wachache awe nao kuanzia wanapoingia hadi wanapotoka au kuzikwa, badala ya kupewa kipimajoto na wadi nzima.

Na kuna suala la mtihani. Katika mitihani ya vitendo mwanafunzi hupewa alama kwa kunawa mikono, kwa kuchagua sindano iliyo sawa, kwa kuandika saa. Pale ambapo kusalimu na kueleza hupewa alama, mara nyingi ni moja au mbili, nazo hupatikana kwa kutamka maneno yaliyokaririwa. Wanafunzi ni watu wenye akili. Husoma kile kinachopewa alama. Baadhi ya vyuo duniani vimewaingiza wagonjwa wenyewe katika kusahihisha, na si vigumu kumfikiria mama mvuvi wa Kashikishi, au mkimbizi wa Mantapala, akiulizwa baada ya zoezi kama alielewa alichoambiwa na kama angependa kuhudumiwa tena na kijana yule.

Suala la lugha nalo lina njia nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Hakuna anayedai kwamba kila mwanafunzi wa Nchelenge asome Kiswahili mpaka aweze kusoma magazeti. Mantapala kuna wanawake wengi ambao wangeweza kuwafundisha wanafunzi hao maneno yanayohitajika, wakalipwa kwa kazi hiyo, na wanafunzi wakawa wamekaa siku kadhaa chini ya mafunzo ya watu ambao kwa kawaida huwaona wakiwa wamelala chali. Maneno yenyewe hayafiki hamsini. Jina lako nani, mama? Unasikia maumivu wapi? Yalianza lini? Mtoto amenyonya leo? Umekuja na nani? Nitakuchoma sindano sasa, itauma kidogo. Unataka watu hawa watoke?